Damu Iliyogoma Kuwa Nyekundu

Mtaani walimwita Mama Pindo, na mwanzoni jina hilo hakulipenda. Alikuwa fundi cherehani, na ugonjwa wake mkubwa ulikuwa pindo la nguo. Pindo likiachia hata uzi mmoja baada ya nguo kutoka mikononi mwake, alimfuata mteja hadi kwake, sindano mdomoni, akaidai nguo yake. Aliwahi kumsimamisha bwana harusi nje ya ukumbi na kumpigia magoti ili amshonee mguu wa suruali.

"Mama, mchumba ananisubiri," bwana harusi alimlalamikia.

"Akusubiri. Kakuvumilia miaka yote hiyo, atashindwa na sindano tatu?"

Kila kitu alikifanya hivyo, mpaka mwisho wake, na maji ndiyo zaidi. Mtoto wake wa kwanza alifariki kwa kuhara kabla hajajua kutambaa, na tangu hapo maji yasiyochemshwa hayakuingia kinywani mwa mtu yeyote nyumbani kwake. Alichemsha ya kunywa, ya kuoshea matunda na ya kusukutulia. Wanawe wawili waliofuata walikua wakimtania kwamba mama yao angeweza kuipandia mvua juu ya paa aichemshe huko huko.

Wa kiume alikuwa fundi mwashi, akaondoka na kazi zake akaenda kuishi mbali. Wa kike alibaki karibu na mama yake, akaolewa na dereva wa lori. Huyo binti ndiye aliyefariki. Alijifungua mtoto wa kiume, akamshika, akauliza kama vidole vimetimia, na alfajiri ya siku ya pili presha ilimpanda, na madaktari wakahangaika nayo hadi jua lilipotoka. Mama Pindo alitoka hospitali siku hiyo amebeba mfuko wa nguo za uzazi na mtoto mwenyewe.

Mkwe wake alisimama sebuleni baada ya mazishi, anaikunja na kuikunjua kofia yake.

"Mama, mimi naishi barabarani. Sina pa kumweka."

"Nani kakuuliza pa kumweka? Nipe mume wangu hapa."

Ndivyo alivyomwita mjukuu wake tangu siku ile, mume wangu, kwa utani wa bibi na mjukuu. Majirani nao wakamwita Bwana Mdogo. Alilala kwenye kapu la nguo kando ya cherehani, na kelele za mashine ndizo zilizombembeleza.

Maji ya bomba pale mtaani yalikuja yalipojisikia. Mkwe hakutaka mtoto wake apate shida ya maji, kwa hiyo alileta wachimbaji wakachimba kisima nyuma ya nyumba ya mama mkwe, wakakijengea kwa saruji na kukiwekea pampu ya mkono. Maji yake yalitoka maangavu, ya baridi, bila harufu wala ladha. Mama Pindo aliyaonja, akamwombea mkwe wake heri papo hapo. Upande wa pili wa ukuta jirani yake alifuga kuku, na mbolea ya mabandani ilirundikwa pale pale ukutani ikiwasubiri wenye bustani. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo. Kuku walikuwepo na mbolea ilikuwepo miaka yote. Kisima tu ndicho kilichokuwa kigeni.

Kwa vile mama wa mtoto hakuwepo, Bwana Mdogo alinyweshwa maziwa ya kopo. Asubuhi Mama Pindo alijaza sufuria maji ya kisima, akayachemsha hadi yatokote sana. Yakishapoa aliyafunika, na kila ilipofika saa ya chupa aliyarudisha tena motoni, asije nzi akawa ametua kwenye kifuniko. Sufuria iliyojaa asubuhi ilibaki nusu mchana. Hilo lilimfurahisha. Kwake yeye, kadiri maji yalivyopungua ndivyo yalivyozidi kuwa safi.

Rangi aliiona kwanza kwenye kucha, siku moja alipokuwa akizikata. Zilikuwa kama za mtoto aliyechezea wino. Alidhani ni kivuli cha pazia, akambeba hadi mlangoni kwenye mwanga. Kucha zilikuwa vile vile. Akamwita jirani mfuga kuku ukutani.

"Shoga, hebu njoo umtazame huyu."

Jirani alikuja akijifuta mikono. "Baridi hiyo. Mfunike vizuri, na usimweke karibu na dirisha."

Akamfunika. Siku zilizofuata mtoto alianza kulala kupita kiasi, na akiamka alilia kidogo tu kisha anaacha, kama aliyesahau alichokuwa anadai. Alimpeleka zahanati. Mganga pale, mwanamume mwenye foleni ya wagonjwa hadi nje, aliweka kifaa chake kifuani pa mtoto, akasema ni kifua hicho kinaanza, akampa dawa ya maji.

"Na mpe maziwa kwa wingi, bibi. Asikaukiwe na maji."

Kwa hiyo akazidisha. Mtoto aliposhindwa kumaliza chupa, alimpa kwa kijiko. Akachemsha, akarudia kuchemsha, akakoroga, akanywesha.

Asubuhi moja Bwana Mdogo aliikataa hata chupa. Midomo yake ilikuwa kama ya mtu aliyekula zambarau, na shingo haikushika kichwa. Mama Pindo alimpapasa nyayo, akampuliza usoni, akamwita kwa majina ya kila namna. Mtoto alifungua macho, akamtazama bila kumwona, akayafunga.

Alitoka nje bila viatu. Jirani alikuwa anapakua magunia ya chakula cha kuku kwenye gari lake dogo. Aliangalia mara moja tu uso wa mtoto, akaliacha gunia lianguke, akawasha gari. Njia nzima alipiga honi huku analia, na Mama Pindo, ambaye hakulia, alimwambia, "Tazama mbele, mama. Tazama mbele tu."

*

Chumba cha dharura cha hospitali kuu kilikuwa kirefu, kimegawanywa kwa mapazia yasiyofika sakafuni, hivyo uliona miguu ya watu bila kujua vilio vyao vinatoka kwa nani. Muuguzi mmoja mwanamume, mrefu, alimpokonya mtoto bila salamu, akamlaza chini ya taa. Alimfunga kibanio chenye mwanga mwekundu kwenye mguu, na kwenye mashine ikatokea namba.

"Themanini na tano," alisema. "Oksijeni, haraka."

Wakamvalisha barakoa ndogo, hewa ikaanza kuvuma. Mama Pindo alikodolea macho ile namba. Alielewa bila kuambiwa kwamba inapaswa kupanda. Haikupanda. Muuguzi alihamishia kibanio mguu wa pili. Themanini na tano. Alifungulia oksijeni hadi mwisho, kisha akabadilisha mtungi mzima, akiwa na shaka kwamba ule wa kwanza ni mtupu. Themanini na tano.

Daktari wa zamu alikuja akitembea upesi. Alikuwa binti mdogo, miwani yake imefungwa kwa plasta upande mmoja, na Mama Pindo alipomwona moyo ulimwanguka. Alitaka mtu mwenye mvi. Daktari alisikiliza kifua mbele na nyuma, muda mrefu. Akasikiliza moyo. Akafungua mdomo wa mtoto, akautazama ulimi na ufizi, kisha viganja na nyayo.

"Kifua ni safi," alisema.

"Safi vipi, daktari, na mtoto kawa hivi?" muuguzi aliuliza.

"Ndiyo hilo linalonisumbua. Hapumui kwa shida, hana homa, moyo hauna kelele, hewa tumempa yote tuliyonayo, na namba haitingishiki. Bibi, alizaliwa na rangi hii?"

"Alizaliwa mzuri, daktari. Rangi hii imemjia kwangu."

Daktari alitafuta mshipa, akaupata alipojaribu mara ya pili. Kilichoingia kwenye bomba la sindano hakikuwa chekundu. Kilikuwa cha kahawia, kama kahawa iliyolala. Mama Pindo alishika ukingo wa kitanda. Alikuwa amejichoma sindano vidole vyote kumi kwa miaka mingi na alidhani anaijua damu.

Daktari alidondosha tone moja juu ya kipande cha bandeji nyeupe. Kisha akamgeukia muuguzi.

"Nipe mkono wako."

Muuguzi akatoa mkono bila kuuliza, akachomwa kidole. Tone lake likawekwa pembeni ya lile la kwanza, na daktari akaupitisha mrija wa oksijeni juu ya yote mawili. Tone la muuguzi lilikuwa jekundu, likazidi kung'aa. Tone la Bwana Mdogo lilikaa vile vile lilivyokuwa, kahawia tupu, kana kwamba hewa haikuwa ikipita juu yake.

"Nilivyodhani," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Bibi, nisikilize. Mapafu ya mtoto ni mazima. Hewa ipo tele. Tatizo ni damu. Kuna kitu kimeiharibu, na sasa inafika kwenye hewa na haiwezi kuibeba. Tukimwongezea oksijeni hata ya hospitali nzima, ni kama kuleta mizigo bandarini na wapagazi wamegoma."

"Kitu gani?"

"Ndicho tunachokitafuta. Amepewa dawa gani? Jeli ya fizi? Kuna rangi za nguo nyumbani, dawa za kuua wadudu? Maziwa yake unakoroga kwa maji ya wapi?"

"Ya kisima. Lakini nayachemsha, daktari. Nayachemsha mara mbili, mara tatu." Alisema hivyo kwa haraka, kama mtu anayetoa kitambulisho. "Yanapungua hadi nusu ya sufuria."

Mkono wa daktari, uliokuwa unaandika, ulisimama.

"Karibu na kisima kuna nini?"

"Ukuta. Nyuma ya ukuta, kuku wa jirani."

Daktari alimtazama, akatazama chini. Mama Pindo aliwahi kuwatazama wateja vile vile, wale walioleta kitambaa kilichokwisha kukatwa vibaya na mtu mwingine.

"Sema tu, mwanangu."

"Kuchemsha kunaua vijidudu, bibi. Hapo hukukosea. Lakini mbolea ina kitu kingine, mfano wa chumvi, kinachopenya ardhini na kuingia kisimani. Hakina rangi wala ladha. Moto haukiondoi. Maji yanapanda na mvuke, chenyewe kinabaki."

Mtu aliyepika maisha yake yote hakuhitaji maelezo zaidi ya hapo.

"Kwa hiyo nilikuwa namkolezea."

"Hukujua."

"Nimekuuliza, nilikuwa namkolezea?"

"Ndiyo, bibi," daktari alisema.

"Lakini na mimi nayanywa! Jirani anayanywa!"

"Damu ya mtu mzima inajitengeneza. Ya mtoto wa umri huu bado haijajifunza."

Mama Pindo alikaa sakafuni. Hakuanguka, alikaa, akaegemeza mgongo kwenye gurudumu la kitanda. Kutoka pale chini aliona miguu tu ya watu wakienda mbio, na juu yake mashine ilikuwa inalia vile vile.

*

Dawa ilikuwepo. Mfamasia aliileta mwenyewe, kichupa kimoja tu kilichokuwa kimewekwa kwa ajili ya kazi nyingine kwenye chumba cha upasuaji, na tarehe yake haijapita. Ilikuwa ya buluu, buluu kali ya wino. Muuguzi aliivuta kwenye bomba la sindano. "Hii ikiingia," alimwambia Mama Pindo, "mara nyingi unaiona rangi inarudi ukiwa umesimama hapo hapo." Alisema hivyo kwa huruma, na Mama Pindo akasimama.

Daktari alishika sindano, kisha akauliza swali moja kama mtu anayefunga mlango kabla ya kulala.

"Bibi, upande wenu, kuna mtu yeyote damu yake ina kasoro? Aliyewahi kumeza dawa, labda za malaria, akawa na macho ya manjano au mkojo mweusi?"

Alikuwa na jibu kabla swali halijaisha. Mwanawe, yule mwashi, akiwa darasa la tano, alimeza vidonge vya malaria, na siku ya tatu mkojo wake ukawa mweusi kama soda. Alilazwa, akaongezewa damu, na daktari wa wakati huo akaonya asipewe tena dawa zile. Baadaye alikua, akapata nguvu za kubeba mifuko ya saruji miwili miwili, na habari ile ikasahauliwa.

Alitazama ile buluu ndani ya sindano. Alitazama kifua cha mtoto, ambacho sasa kilikuwa kinapanda kwa kusitasita. Akisema, sindano ile itaondoka. Hilo alilijua kutokana na jinsi daktari alivyouliza. Akinyamaza, mkono utashuka, dawa itaingia, na pengine rangi itarudi akiwa amesimama pale pale. Nani angemlaumu? Ulikuwa ugonjwa wa mjomba wa mtoto, wa zamani, wa mbali.

"Yupo," alisema. "Mwanangu. Mjomba wake huyu."

Daktari aliiweka sindano chini kwenye sinia.

"Una uhakika? Unaweza kumpigia?"

Alimpa muuguzi simu ambonyezee namba. Mwashi alipokea akiwa juu ya jukwaa, na nyuma yake nyundo zilisikika.

"Mama? Vipi, mbona mapema?"

"Baba, ule ugonjwa wako wa mkojo mweusi. Walikwambia ni nini?"

"Mama, kuna nini?"

"Nijibu kwanza!"

"Walisema damu yangu inapasuka nikila dawa fulani fulani. Hata juzi juzi kazini tulipimwa wakaniambia hivyo hivyo, nina upungufu wa kitu kwenye damu, nilizaliwa nao. Mama, nani anaumwa? Ni Bwana Mdogo?"

Daktari alikuwa amesikia. Alizunguka kitanda, akasimama mbele ya Mama Pindo. "Kasoro hiyo mara nyingi inapita kwa wanawake bila kuwadhuru, inawapata wanaume. Kutoka kwako ilienda kwa mwanao. Inaweza kuwa ilipita kwa binti yako ikamfikia huyu. Si lazima. Inawezekana tu. Kama anayo, dawa hii haitamsaidia, itazipasua chembe za damu alizobaki nazo."

"Mpime basi!"

"Majibu yanachukua siku. Yeye hana siku, bibi."

Akaenda simuni kuzungumza na daktari bingwa, akiwapa mgongo. Mama Pindo alimgeukia muuguzi.

"Ningenyamaza?"

Muuguzi alifikiri kwanza. Hakuwa mtu wa kupaka mafuta maneno. "Ungenyamaza, huenda angepona. Na huenda angenifia mkononi. Mimi sijui, mama. Hakuna anayejua hapa."

Uamuzi ulikuwa kumbadilisha damu: kuitoa iliyoharibika kidogo kidogo kwa mshipa wa paja, na kuingiza ya mtu mwingine kidogo kidogo, hadi nyingi iwe imetoka. Kazi ndefu, kwa mwili mdogo uliochoka.

"Chukueni yangu," Mama Pindo alisema, akaanza kukunja mkono wa gauni. "Yote."

"Yako hapana," daktari alisema kwa upole. "Tunatafuta isiyo ya ukoo wenu."

Hilo nalo likamwingia. Alibaki amekunja mkono, hana pa kuupeleka.

*

Mkwe alifika wakati damu inapashwa joto. Jirani ndiye aliyempigia. Aliliacha lori kwenye kituo cha mafuta na kudandia magari ya watu. Aliingia na vumbi lake, akamwona mtoto amefungwa mikono na miguu kwa bandeji laini ili asijitingishe, mirija imemwingia pajani, na rangi ile.

"Umempa nini?"

Mama Pindo alimwambia. Hakupunguza chochote, hata kuhusu kuchemsha mara tatu. Alipofika kwenye kisima alijaribu kupita haraka, lakini mkwe alilisikia neno.

"Kisima changu."

"Maji tu, baba. Si wewe."

"Nilimwambia mchimbaji achimbe pale kwa sababu pana kivuli. Ili usipigwe na jua." Akajipiga kifuani kwa ngumi, mara moja, kwa nguvu. Kisha akamgeuzia macho mekundu. "Mke wangu nimemzika. Mtoto nilikupa wewe. Nilikupa wewe, mama!"

Wakasimama kila mmoja upande wake wa kitanda, na kazi ikaanza.

Daktari alivuta damu ya kahawia, muuguzi akasukuma nyekundu. Vuta, sukuma. Daktari alitaja kiasi kwa sauti na mtu wa tatu akaandika. Kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika. Bakuli la chuma lilianza kujaa kile kitu cha kahawia, na Mama Pindo hakuweza kuondoa macho hapo, kwa sababu aliyajua yale maji. Yeye ndiye aliyeyapika.

Katikati ya kazi mtoto alikakamaa. Macho yalipinda juu, mkono mmoja ukaanza kurukaruka, kisha kifua kikatulia kabisa.

"Hapumui," muuguzi alisema.

Akabandika barakoa yenye mfuko usoni pa mtoto na kuanza kuminya. Daktari alibaki ameshika bomba lake, akaagiza dawa ya degedege, sauti yake haikupanda lakini jasho lilidondoka kwenye miwani. Mkwe alipiga ukuta kwa kiganja na kutoka nje, na kilio chake kilisikika chumba kizima. Mama Pindo alipiga magoti hadi uso wake ukawa sawa na sikio la mtoto.

"Mume wangu," alimwambia. "Mume wangu, usinifanyie hivi. Nitukane, nikatae, ukikua nipeleke mahakamani. Lakini vuta."

Muuguzi aliminya. Aliminya hadi mkono ukamchoka, akabadili mkono. Daktari akavuta, akasukuma, akavuta.

Sikio ndilo lililoanza. Mama Pindo, kwa kuwa alikuwa karibu nalo, aliona ukingo wake ukiacha ile rangi ya zambarau. Hakusema, aliogopa kulitaja. Kisha ufizi. Namba kwenye mashine ikaondoka themanini na tano, ikaenda themanini na nane, ikarudi, ikaenda tisini. Kifua kikatikisika chenyewe mara moja, kikanyamaza, kikatikisika tena. Muuguzi aliinua mkono kutoka kwenye mfuko na kuuacha hewani, akisubiri. Kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda.

Hakuna aliyeshangilia. Daktari alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa, akaendelea na kazi maana haikuwa imeisha.

*

Bwana Mdogo alilazwa muda mrefu. Degedege lilirudi mara moja kisha likakoma. Watu wa afya walikuja kuchukua maji ya kisima kwenye chupa zao, wakarudi na majibu yaliyofanana na aliyoyasema daktari, na kisima kikafungwa kwa zege. Jirani aliuza kuku wote. Alikuja kumwambia Mama Pindo hivyo mlangoni, akakataa kuingia, na tangu siku ile salamu zao zikawa fupi.

Kipimo cha ile kasoro ilibidi kisubiri, kwa sababu mtoto sasa alikuwa na damu ya mtu mwingine mwilini, na kupima mapema kungekuwa kumpima mtu huyo. Kilipofanyika hatimaye, ilionekana anayo. Daktari alimpigia Mama Pindo mwenyewe kumwambia kwamba neno lake siku ile lilimwokoa mtoto. Mama Pindo alishukuru, akakata simu, akakaa na habari hiyo mapajani. Alijaribu kuiweka upande wa pili wa mizani, na mizani haikutingishika.

Wakati huo mtoto hakuwa kwake tena. Siku ya kutoka hospitali mkwe alimwambia, akitazama viatu vyake, kwamba dada yake ana bomba la ndani na watoto wa kucheza naye.

"Si kwamba nakulaumu, mama."

"Mpeleke," alisema. Alizikunja nguo za mtoto yeye mwenyewe, akazipanga kwenye mfuko, na alipofika kwenye chupa za maziwa alizisukuma pembeni. "Hizi nunueni mpya."

Alirudi kwenye cherehani. Alishona mchana kutwa, kwa sababu mashine ikinyamaza alisikia sufuria ikitokota, na jikoni hakukuwa na sufuria. Alikonda. Mwanae mwashi alikuja akakaa naye wiki mbili, akapaka nyumba rangi ambayo haikuhitaji, akaondoka akiwa na wasiwasi. Kila siku kabla ya kulala Mama Pindo alijiuliza angeweza kujua vipi, na kila siku alikosa jibu, na kukosa jibu hakukumsaidia kulala.

Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, shangazi yake alimleta kumsalimia bibi. Alikuwa mzito, mashavu yamejaa, na mara tu alipowekwa mikononi mwa Mama Pindo alipasuka kulia, akijinyonganyonga kumtafuta shangazi. Hakumjua. Alilia kwa nguvu hadi ufizi wote ukaonekana.

"Samahani, mama, ana njaa tu," shangazi alisema kwa aibu, akimchukua. Akafungua mkoba, akatoa chupa ya maziwa, kisha akaurudisha mkono ndani na kusita. Mama Pindo aliona kilichokuwa humo: chupa kubwa ya maji, imebebwa kutoka huko walikotoka.

"Ni kaka yangu tu, mama, yeye ndiye aliyeniambia..."

"Toa," Mama Pindo alisema. "Umefanya vizuri. Toa umkorogee."

Alisogeza kiti hadi karibu na dirisha, akakaa mbele ya mtoto. Shangazi alikoroga, akamweka mtoto mapajani, na kilio kikakatika ghafla kwa sauti ya kunyonya. Mama Pindo aliinama, mikono katikati ya magoti, akaitazama ile midomo ikifanya kazi kwenye chupa. Ilikuwa na rangi yake. Aliendelea kuitazama, na chupa ilipokwisha alikuwa bado anaitazama.